Zana ya kukunja ya kutengenezea baiskeli: watumiaji wanasemaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Zana ya kukunja ni ile inayofanana na kisu cha mfukoni: funguo kadhaa, yaani vidole vyake vya chuma, zimelala katikati ya mabapa mawili, unavuta unayoitaka, ukimaliza unairudisha. Waliozinunua wana mengi ya kusema, na mara nyingi wanapingana waziwazi. Huyu anaapa kwamba zana fulani ilimtoa porini jua likizama, yule anasema zana hiyohiyo ilipinda siku ya kwanza. Nimesoma maoni ya namna hii kwa miaka kadhaa, na nimebeba zana hizi kwenye mfuko ulio chini ya kiti kwa muda mrefu zaidi. Ninachoamini ni kwamba wote wawili huwa wanasema kweli. Baiskeli zao ni tofauti, na bolti walizozishika ni tofauti.

Inawezekanaje zana moja isifiwe na huyu na ilaaniwe na yule?

Anza na hesabu ndogo. Nguvu ya kukazia bolti hupimwa kwa niutoni mita, kwa kifupi Nm. Bolti inayobana nguzo ya kiti au shingo ya usukani kwa kawaida inataka kama Nm 5. Ukiwa na zana yenye urefu wa sentimita 10, hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 5 kwenye ncha ya mkono wa zana. Mtu yeyote anaiweza.

Sasa njoo kwenye pedeli. Hiyo hukazwa kwa Nm 35 hivi, na ikikaa mwaka mzima bila kuguswa, ikanyeshewa na kupigwa jua, hushika zaidi ya hapo. Kwa zana ileile ya sentimita 10 unahitaji kilo 35 au zaidi kwenye kidole cha chuma chembamba, huku kiganja chako kimeshika kingo za mabapa. Mkono utauma kabla pedeli haijasogea, na ukiongezea kipande cha bomba ili upate urefu, kitakachopinda ni zana.

Kwa hiyo aliyekaza kiti chake njiani ataandika kwamba zana ni imara, na aliyejaribu kufungua pedeli ataandika kwamba ni takataka. Kabla hujamwamini mmoja wao, tafuta alikuwa anafungua nini.

Baiskeli yangu inahitaji funguo zipi hasa?

Usikisie. Chukua seti ya alenki (funguo za pembe sita), hata ya kuazima kwa fundi, uizunguke baiskeli yako bolti kwa bolti huku ukiandika. Itakuchukua robo saa na itakusaidia kuliko kusoma maoni mia.

Kwa baiskeli nyingi za siku hizi utakuta kwamba namba 4, 5 na 6 (namba ni upana wa funguo kwa milimita) ndizo zinazobeba karibu kazi yote. Sababu yake ni vipimo vya bolti zenyewe: bolti ya kawaida ya tundu la pembe sita yenye unene wa milimita 5 hutumia alenki namba 4, ya milimita 6 hutumia namba 5, na ya milimita 8 hutumia namba 6. Kishikilia chupa ni namba 4. Kalipa za breki (vibano vyake) na kola ya kiti (pete inayobana nguzo yake) mara nyingi ni namba 5, ingawa kola nyingine ni namba 4. Namba 2, 2.5 na 3 ni za skrubu ndogo za kurekebishia breki na giya. Namba 8 ni ya krenki (mkono unaobeba pedeli), na pia ya baadhi ya pedeli.

Kama una breki za diski, tazama bolti zinazoshika diski kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Diski nyingi hushikwa na bolti sita zenye tundu la nyota ya pembe sita, aina ya Torx, saizi T25. Usiichanganye na bisibisi ya nyota ya kawaida. Ukilazimisha bisibisi ya kawaida mle ndani unaiharibu bolti palepale. Zana isiyo na T25 kwa baiskeli ya diski ina pengo kubwa, na ni pengo ambalo wanunuzi wengi huligundua siku diski inapoanza kucheza.

Zana yenye kazi 20 si ni bora kuliko yenye kazi 10?

Ni bora iwapo hizo kumi za ziada unazihitaji. Hesabu ya kazi inayoandikwa kwenye kasha ni ya kuitazama kwa macho mawili: kifungua chupa kinahesabiwa, tundu la spoki linahesabiwa mara tatu kwa sababu lina saizi tatu, na wakati mwingine hata bapa la pembeni linahesabiwa kwa kuwa linaweza kusaidia kutoa tairi.

Kila kidole kinachoongezwa kinaipanua zana. Ikipanuka, haiingii tena kwenye nafasi finyu, na vidole vya katikati vinakuwa vigumu kuvuta ukiwa na mikono ya jasho au ya grisi. Mimi ningependelea zana ya kazi 10 ambazo zote zinagusa baiskeli yangu.

Wengi wanalalamika kwamba funguo "zinakula" bolti. Kosa ni la chuma au la mkono?

La chuma lipo, na nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kununua zana iliyopendeza sana, nyepesi, rangi nzuri, na ndani ya wiki ya kwanza kidole chake cha namba 2.5 kilikuwa kimeshakuwa mviringo. Nilikiinua kwenye mwanga nikaona kona zote sita zimelainika kama sabuni iliyotumika. Chuma laini hakirekebishiki. Zana nzuri huwa na vidole vya chuma cha kromu na vanadiamu, kile kinachochapwa alama ya CrV, au cha aina inayoitwa S2. Chuma kisichoshika kutu kinavutia kwa jina, lakini mara nyingi ni laini kidogo kuliko hivyo viwili, na kwenye kidole chembamba ulaini huo unaonekana upesi.

Ila nusu ya lawama hizi, kwa ninavyozisoma, inatokana na mambo mawili ambayo chuma hakihusiki. La kwanza ni uchafu. Tundu la bolti hujaa tope na vumbi lililoshikana na oili, na funguo inaingia nusu tu. Inaonekana imeingia, inagusa, lakini imeshika milimita moja ya juu. Ukizungusha, kona zinachubuka. Chukua kijiti au mwiba, chokoa mpaka uone chini ya tundu, ndipo uingize funguo mpaka ikome.

La pili ni saizi za inchi. Funguo ya 3/16 ya inchi ina milimita 4.76, nayo huingia kwenye tundu la milimita 5 kana kwamba ndiyo yenyewe. Robo milimita inayobaki inatosha kuua kichwa cha bolti. Vivyo hivyo 3/32, yenye milimita 2.38, kwenye tundu la 2.5. Kama zana yako inacheza ndani ya tundu hata baada ya kusafisha, acha kuzungusha, kisha ikague.

Wazo lenyewe la tundu la pembe sita si la jana. William G. Allen wa Hartford, Marekani, alipata hataza ya njia ya kutengeneza skrubu za namna hiyo mwaka 1910, na ndiye aliyeacha jina la alenki midomoni mwetu. Torx ilikuja baadaye sana, mwaka 1967, na nia yake ilikuwa hasa kupunguza huku kuchubuka kwa vichwa.

Kikata cheni kilicho kwenye zana kinafanya kazi kweli, au ni pambo?

Kinafanya kazi. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoangukia, nami niliangukia hapo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Cheni yangu ilikatika nikiwa napanda mlima, nimesimama kwenye pedeli, giya nzito kuliko iliyofaa. Bapa moja la nje lilikuwa limeachama kama mdomo. Nilikuwa na zana yenye kikata cheni ambacho sikuwahi kukitumia. Nilipachika pingili kwenye kitanda chake, nikazungusha, nikakuta ugumu. Nikafikiri ugumu ndiyo kawaida, nikaongeza nguvu. Kumbe ncha ya kusukumia ilikuwa haijakaa katikati ya pini ya cheni. Ilikuwa imeegemea ukingo na inasukuma bapa lenyewe. Ikakatika kwa mlio mdogo tu, nikaanza kutembea.

Njia sahihi ni hii. Pachika cheni kwenye kitanda cha mbali, kile kinachoishikilia kwa nyuma. Zungusha kwa vidole viwili tu mpaka ncha iguse pini, kisha inama utazame kwa upande: ncha na pini viwe kwenye mstari mmoja, kama sindano juu ya kichwa cha sindano nyingine. Ndipo uanze kukaza. Mwanzoni kutakuwa na ugumu mkali, halafu pini inaachia kwa ghafla na baada ya hapo inakwenda taratibu kwa uzito uleule. Ugumu ukizidi kila unapozungusha, simama, rudisha nyuma, pachika upya. Zana nyingi huja na kindoano cha waya: kitumie kuzivuta ncha mbili za cheni zikaribiane, la sivyo mvuto wa direila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya giya) utakunyang'anya cheni katikati ya kazi.

Tena, usitegemee kurudisha pini ileile kwenye cheni za giya 9 na kuendelea. Vichwa vya pini hizo vimepanuliwa kiwandani, na ukiisukuma nje unavikwangua. Hata ikirudi mahali pake, haishiki kama zamani, na itaachia tena ukiwa umesimama kwenye pedeli. Beba loki ya cheni, ile pingili ya vipande viwili inayofungwa kwa mkono. Toa pingili iliyoharibika ili pande zote mbili zibaki na pingili nyembamba za ndani, chomeka loki, zungusha pedeli mpaka loki ije juu, shika breki ya nyuma na ukanyage. Italia "tak" na kukaa. Loki lazima iwe ya idadi ya giya za cheni yako: ya giya 11 haifai kwenye cheni ya giya 8.

Cheni iliyofupishwa huenda isiwe na urefu wa kutosha kufika kwenye gia kubwa la mbele na kubwa la nyuma kwa pamoja. Ukisahau na kubadilisha mpaka huko, unaweza kung'oa direila. Rudi nyumbani kwa giya za katikati.

Kwa hiyo anayeandika kwamba kikata cheni ni pambo, mwulize kama aliwahi kukijaribu kabla ya siku ya shida. Siku hizi kila ninapobadilisha cheni ninabaki na kile kipande cha zamani, namkatia rafiki vipande vitatu vinne ajifunzie.

Nimesoma kwamba ni fupi mno na hazifiki kwenye bolti. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya bolti, na hili ni lalamiko la haki kuliko mengine yote. Jaribu kukaza kishikilia chupa: bolti ipo katikati ya pembetatu ya fremu, na mwili wa zana unagonga bomba kila unapozungusha. Unapata robo mzunguko, unatoa, unaingiza tena, robo nyingine. Kalipa ya diski ya nyuma ni hivyohivyo, maana mwili wa zana unagusa spoki. Kinachosaidia ni kidole kirefu, kilicho mwishoni mwa zana na si katikati, na kinachoweza kusimama kwa pembe ya digrii 90 kikafanya umbo la herufi L. Katika maoni, tafuta mtu aliyetaja jambo hili kwa jina la bolti.

Kuna pia zana ambazo si za kukunja, zina mpini mmoja na vichwa vya kubadilisha. Hizo hufika pembamba vizuri zaidi. Hasara yake ni kwamba kichwa kimoja kikianguka kwenye nyasi umekipoteza.

Je, inatosha kwa pancha?

Hapana. Pancha ndiyo shida inayompata mwendeshaji mara nyingi kuliko nyingine zote, na zana ya kukunja haina tyubu, haina kiraka, haina pampu. Usiegemee pia bisibisi yake kutolea tairi, kwa sababu ncha ya chuma itaibana tyubu kwenye rimu na kukutobolea tundu la pili. Beba vijiti vya plastiki vya kutolea tairi.

Namba 8 inayokaa kama kofia juu ya kidole kingine inafaa?

Inafaa kwa kukaza krenki iliyoanza kulegea ili ufike uendako. Ila hicho kipande hupotea. Kikague kila unapofungua mfuko, au kifunge kwa mpira.

Na ukijaribu pedeli kwa namba 8, kumbuka kwamba ya kushoto ina uzi wa kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: weka funguo isimame juu, kisha isukume kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili hulegea hivyo.

Tundu la spoki kwenye zana lina kazi?

Kidogo. Nipeli za spoki (nati ndogo zinazozikaza kwenye rimu) zina saizi zinazokaribiana mno: 3.23, 3.30 na 3.45 milimita ndizo za kawaida, na tundu lililokatwa ovyo kwenye ukingo wa bapa hushika pande mbili tu za nipeli na kuzilainisha. Mimi hulitumia kwa jambo moja: rimu ikiwa imepinda kiasi cha kugusa breki na bado nina kilomita nyingi mbele. Robo mzunguko, natazama, robo nyingine. Spoki ikikatika kabisa, ninaizungushia kwenye spoki ya jirani ili isipige fremu, nalegeza breki ya rimu, naenda polepole. Kunyoosha gurudumu vizuri ni kazi ya fundi mwenye spana ya spoki inayokamata pande zote.

Baiskeli yangu ni ya zamani, karibu kila kitu kimefungwa kwa nati. Ninunue?

Hapa nasema wazi: kwa sehemu kubwa, hapana. Zana hizi zimebuniwa kwa baiskeli za bolti zenye tundu. Baiskeli yenye breki za vyuma na magurudumu yaliyofungwa kwa nati inataka spana, na nati ya ekseli ya nyuma mara nyingi ni namba 15, saizi ambayo zana nyingi za kukunja hazina. Spana bapa namba 15, spana malaya ndogo na bisibisi vitakufaa zaidi, hata kama ni vizito. Namba 15 hiyohiyo ndiyo ya pedeli pia. Nimesoma maoni ya watu waliozinunua kwa baiskeli za namna hii wakasikitika sana, na lawama zao zikaiangukia zana iliyokuwa nzuri kabisa kwa baiskeli nyingine.

Baiskeli ya mchanganyiko, yenye usukani wa alenki na magurudumu ya nati, beba zana ndogo pamoja na spana moja.

Naweza kuitumia kurekebisha giya?

Ndiyo, na ni kazi inayoifaa. Kwenye direila ya nyuma kuna skrubu mbili ndogo, mara nyingi zimeandikwa H na L. H inaizuia cheni isiangukie nje upande wa gia dogo, L inaizuia isiingie kwenye spoki upande wa gia kubwa. Nyingine ni za bisibisi, nyingine za alenki namba 2 au 2.5. Zungusha kidogo kidogo, nusu kwa nusu. Kama giya zilikuwa sawa jana na leo zinaruka baada ya kuanguka, usiziguse skrubu hizo kwanza. Tazama kama hanga ya direila (kipande kinachoishikilia kwenye fremu) imepinda.

Fremu yangu ni ya kaboni. Zana ya mkononi ni salama?

Kulegeza, ndiyo. Kukaza ndiko kwenye hatari, kwa kuwa zana haikuambii umefika wapi. Namba ya Nm mara nyingi imechapwa karibu na bolti yenyewe. Kaboni iliyobanwa kupita kiasi huweza kupasuka bila kelele na bila alama ya kuonekana. Njiani kaza kiasi cha kiti kutozunguka, ukifika nyumbani malizia kwa spana yenye kipimo.

Inashika kutu haraka. Nifanyeje?

Mfuko ulio chini ya kiti hupokea maji yote yanayorushwa na gurudumu la nyuma, na zana hukaa humo miezi bila kutolewa. Hata chuma kizuri hakivumilii hivyo. Ninachofanya ni kukata kipande cha tyubu kuukuu, upana wa kiganja, na kuivalisha zana kama soksi. Maji hayaingii kirahisi, hailii kwenye mashimo, na kipande hichohicho kinanisaidia kushika nati inayoteleza. Kila baada ya mvua kubwa naifungua yote, naifuta, naweka tone la oili kwenye mhimili.

Vidole vimelegea, vinajifungua vyenyewe mfukoni. Ni mbovu?

Pengine si mbovu. Bolti ya mhimili hulegea kwa matumizi. Ikaze kidogo mpaka kidole kisimame mahali unapokiacha lakini kiweze kuvutwa kwa ukucha. Tone la gundi ya nyuzi za bolti litaizuia isilegee tena. Angalia tu kitu kimoja kabla ya safari: bolti hiyo inatumia funguo gani? Kwenye zana nyingi ni funguo ambayo imo ndani ya zana yenyewe, na haiwezi kujifunga. Unahitaji nyingine kutoka nyumbani.

Nitajuaje maoni ya kuaminika?

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na watu wengi huandika maoni kabla ya kulala. Nyota tano zilizotolewa siku kifurushi kilipofika zinasifu kifurushi: kasha, rangi, uzito mkononi. Zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisikusaidie chochote.

Mimi husoma kwanza maoni ya nyota tatu. Mwenye nyota tatu huwa ameitumia, amekuta zuri na baya, na anaeleza lipi ni lipi. Kisha natafuta picha ya ncha za vidole baada ya muda, si picha ya zana ikiwa mpya juu ya meza. Kona zilizolainika zinaonekana hata kwenye picha ya simu. Natafuta pia kama mwandishi ametaja baiskeli yake na bolti aliyoifungua. "Ilikaza kalipa ya nyuma bila kugusa spoki" ni sentensi moja yenye thamani kuliko aya nzima ya "napenda sana bidhaa hii".

Malalamiko yanayojirudia kwa watu mbalimbali kuhusu sehemu ileile, nayachukulia kwa uzito mkubwa. Watu watano wasiojuana wakisema pini ya kikata cheni imekatika, hata kama wawili wao walikosea kama mimi, watatu wanabaki. Tena soma mtengenezaji alijibu nini. Wengine hutuma pini ya badala bila maswali, wengine wanasema dhamana haihusu sehemu zinazochakaa. Jibu hilo ulijue kabla ya kununua.

Na ukiwa mnunuzi, andika nawe, lakini subiri miezi mitatu. Taja bolti.

Ina uzito gani?

Nyingi ziko kati ya gramu 100 na 200. Tofauti hiyo huisikii kwenye baiskeli. Unaisikia kwenye mfuko wa jezi, inapogonga mgongo kila ukikanyaga.

Naweza kupanda nayo ndege?

Kama ina kisu, iweke kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Bila kisu, inategemea sheria za uwanja. Marekani, kwa mfano, huruhusu mkononi zana zisizozidi inchi 7, lakini neno la mwisho ni la ofisa wa ukaguzi aliye mbele yako. Kwa usalama wa zana yako, iweke kwenye mzigo mkubwa kila wakati.

Imefika leo. Nianzie wapi?

Ifungue yote na uizunguke baiskeli ukiwa sebuleni, kwenye mwanga. Ingiza kila kidole kwenye bolti yake, legeza robo, kaza tena. Utajua kipi hakifiki, kipi kinacheza, na bolti ipi inahitaji kuchokolewa tope. Bolti zilizoshika sana zipeleke kwa fundi azifungue kwa spana ndefu, azipake grisi, azikaze kwa kipimo, ili siku utakapokuwa peke yako barabarani ziweze kufunguka kwa mkono wako. Kisha tafuta kipande cha cheni kuukuu, kaa chini, ukikate.